Chuo cha onlaini kimekuzingua? Namna ya kulalamika mpaka usikilizwe

Mimi nina steshenari hapa Mbeya maeneo ya Mwanjelwa, naprinti, naskani, na msimu wa udahili ukifika nawajazia watu maombi ya vyuo mpaka usiku. Ila miaka ya karibuni kuna mteja wa aina nyingine ameongezeka, huyu haji kuomba chuo, anakuja kukilalamikia. Kasoma kwa simu mwaka mzima akiwa Tukuyu au Makambako, ada kalipa, alafu matokeo hayaonekani, au kozi imebadilishwa katikati, au ile namba ya "admini" haipokelewi tena. Anakaa kwenye benchi anasema kaka naomba uniandikie barua kali. Swali langu la kwanza huwa lile lile: una karatasi gani? Hapo ndo wengi wanakwama, maana miezi 8 yote wamelalamika kwenye grupu la WhatsApp na hamna hata barua moja iliyofika chuoni.

Malalamiko ya chuo yana ngazi, na kila ngazi inataka kuona kwamba ile ya chini yake ulishaipanda. Ukiruka unarudishwa. Mimi mwenyewe kwa ushauri wangu mbovu nilishamtuma dada mmoja wa Uyole moja kwa moja Dodoma, kalala kwenye basi, kafika ofisini kaulizwa "chuo chenyewe kimekujibuje?", hana jibu, akaambiwa aanzie chuoni. Nauli ya kwenda na kurudi ikaliwa hivyo. Aliporudi alinisalimia vizuri tu, ila aibu ile sijaisahau, na tangu siku hiyo nafuata ngazi.

Jua kwanza chuo chako kiko chini ya nani

Kwa hapa nchini kuna wakubwa wawili. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, inasimamia vyuo vikuu, ipo kwa Sheria ya Vyuo Vikuu Sura ya 346 na imeanza kazi 2005. Mwingine ni NACTVET, zamani tukiiita NACTE, hii inashika vyuo vya kati na vya ufundi, yaani cheti na diploma za NTA level 4 mpaka 6, na pia zile taasisi zisizo vyuo vikuu ambazo zinatoa mpaka digrii. Kwa sisi wa huku NACTVET ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa hapa Mbeya mjini, kwa hiyo mtu wa Chunya, Mbozi au Kyela hana haja ya kukimbilia Dodoma kwa jambo la diploma.

Na mtu asikutishe kwamba kusoma ukiwa nyumbani sio kusoma. Chuo Kikuu Huria kimeanzishwa kwa sheria ya 1992 na kina vituo mikoani, Mbeya na Iringa vikiwemo, watu wamesoma kwa mbali kabla hata simu za tachi hazijaingia. Shida inakuja pale chuo kinapofundisha kitu ambacho hakijaruhusiwa, na hapo kuna maswali matatu ambayo watu huwa wanauliza moja tu.

La kwanza, je chuo kimesajiliwa? Kwa vyuo vya NACTVET utaona namba inayoanza na REG, chukua hiyo namba ukaihakiki kwenye tovuti ya NACTVET yenyewe, usiishie kwenye bango la chuo. La pili, je kozi yako imeidhinishwa? Hili ndo wengi hawalijui: chuo kinaweza kuwa na usajili halali kabisa alafu kozi moja wameiongeza kienyeji. Fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU au cha NACTVET cha mwaka ulioanza wewe, sio cha mwaka huu, utafute kozi yako kwa jina lake kamili. La tatu, je namna ya kufundisha imeruhusiwa? Kozi inaweza kuwa imepitishwa kwa kufundishwa darasani na maabara, wao wanaipeleka yote kwa Zoom. Swali hilo waulize kwa maandishi, chuo na mdhibiti wake (TCU au NACTVET) wote wawili, na majibu yatunze.

Chuo kikiwa cha nje, ngazi zake ziko huko huko nje, nitafika huko chini.

Lipe tatizo jina moja

Mtu akiniambia "chuo kinanionea" siwezi kumwandikia chochote. Lazima tupate jina, kwa sababu kila jina lina mlango wake.

Ugomvi wa maksi: unaona umestahili B umepewa D. Hapa nakwambia mapema, hakuna mdhibiti atakayesahihisha upya mtihani wako, sio TCU, sio NACTVET, sio wa Uingereza wala Marekani. Mlango wako ni rufaa ya matokeo chuoni, ina fomu yake, mara nyingi ina ada yake, na ina siku zake za mwisho ambazo ni chache kweli kweli. Lakini angalia vizuri, maana mara nyingi unaloliita suala la maksi ni suala la utaratibu. CA yako, yaani maksi za majaribio na kazi za semista, haikujumlishwa, asaimenti uliituma na mfumo ukaipokea ila mwalimu kaweka sifuri, umepewa sapu (mtihani wa marudio) ya somo ambalo ulifaulu, umedisko, yaani umeondolewa masomoni, bila barua. Hayo ni makosa ya utaratibu, na utaratibu unalalamikiwa mpaka juu.

Pesa: ada imepanda katikati ya mwaka, umelipa haisomeki, umeacha masomo unataka sehemu irudi. Huduma: mfumo haufunguki, mwalimu haingii darasani, kozi mliyoahidiwa miezi 18 inaingia mwaka wa tatu. Taarifa za uongo: walitangaza cheti kinatambulika kumbe hakitambuliki. Na kuna yale ambayo sio malalamiko tena ila jinai, utapeli na rushwa ikiwemo ya ngono, hayo yana sehemu yake usiyachanganye na barua ya kudai matokeo.

Ukiwa na mawili matatu, andika barua tofauti. Barua yenye vitu saba inajibiwa kile kimoja rahisi alafu wanafunga faili.

Kusanya karatasi, na hapa usiwe mvivu

Hii ndo sehemu natumia muda mwingi na wateja. Anza na skrinshoti. Watu wanakuja na skrinshoti 60 za WhatsApp, juu ya meseji pameandikwa "Jana". Jana ya lini? Miezi sita baadaye hiyo picha haina tarehe. Fanya hivi: ingia kwenye hiyo chati, bonyeza vile vidoti vitatu, utafute sehemu ya kutoa chati nje, ujitumie kwa imeili bila picha. Utapata faili la maandishi ambalo kila mstari una tarehe na saa na jina la aliyetuma. Printi kurasa zinazohusu tu, pigia mstari meseji muhimu. Voisi noti zisikilize uandike walichosema na tarehe, maana hakuna ofisa atakayekaa kusikiliza dakika kumi na moja za mtu anayepiga miayo.

Malipo. Meseji ya muamala usiifute hata kama simu imejaa, na kama umeshaifuta nenda kwa mtandao wako wa simu au benki uombe taarifa ya miamala ya miezi hiyo. Kama chuo ni cha serikali malipo halali yanapita kwa kontroli namba, zile tarakimu 12. Ukiona chuo cha serikali "mhasibu" anakupa namba ya simu ya mtu utume ada huko, simama hapo hapo. Vyuo binafsi vina akaunti ya benki au lipa namba kwa jina la chuo, na jina likitokea la mtu binafsi liandike pembeni, ni ushahidi.

Alafu barua ya udahili, mkataba kama upo, sheria ndogo za wanafunzi, na prospektasi, kile kitabu cha maelezo ya chuo na kozi zake, ya mwaka ulioingia wewe. Huu mwaka una maana kubwa, chuo kinabadilisha prospektasi kila mwaka na tangazo la tovuti linaweza kubadilika usiku mmoja. Ukiona ukurasa wenye ahadi muhimu, uhifadhi kama PDF leo.

Na saa. Mifumo ya vyuo vya nje inaonyesha saa za kwao. Kijana mmoja kutoka Mafinga aliambiwa kachelewa kutuma kazi, tukakaa kuchunguza, mwisho wa kutuma ulikuwa 23:59 kwa saa za London kipindi cha baridi, sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hiyo kwa Mafinga ilikuwa saa 8:59 usiku, na yeye alituma saa 7:20 usiku, tarehe ya kwenye simu yake imeshageuka. Aliyemjibu kule kasoma ile tarehe tu. Mstari mmoja wa maelezo ya saa ukamaliza kesi.

Mwisho tengeneza karatasi moja ya mtiririko: tarehe, nini kimetokea, nani alikuwepo, kiambatisho kipi. Ukurasa mmoja, ukizidi miwili unaanza kusimulia maisha.

Kama huna kumbukumbu zako kabisa, zidai chuoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kupata taarifa zako wanazozishikilia, na chuo kikigoma kuna Tume yake, PDPC, ya kupeleka lalamiko. Chuo cha Uingereza kina mwezi mmoja kukujibu ombi la namna hiyo. Cha Marekani kinachopokea fedha za serikali yao kuu kina siku 45 kukuonyesha rekodi zako za masomo chini ya sheria wanayoiita FERPA, na haki hiyo haijali kwamba wewe sio raia wa kule wala kwamba unasomea Uyole.

Barua ya kwanza

Barua kali watu wanapenda, ila barua inayojibiwa ni ile fupi. Matusi toa, "mnatunyanyasa sisi wanyonge" toa, historia ya mzee alivyouza magunia ya viazi kule Isyonje ili ulipe ada, najua inauma kweli, ila toa pia. Weka tarehe, weka ombi. Mfano wangu huu hapa:

*YAH: MALALAMIKO YA KUTOTOLEWA MATOKEO YA SOMO MOJA, SEMISTA YA PILI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*2. Mimi ni mwanafunzi wa Stashahada mwaka wa pili, ninayesoma kwa njia ya mtandao, namba yangu ya usajili ni kama inavyoonekana hapo juu.*

*3. Tarehe 14 Julai nilifanya mtihani wa somo tajwa na mfumo ulithibitisha kuupokea saa 5:42 asubuhi (Kiambatisho A). Matokeo ya semista yalitoka tarehe 20 Agosti bila somo hilo (Kiambatisho B). Nilitoa taarifa kwa mratibu wa kozi tarehe 22 Agosti na 5 Septemba bila kupata majibu (Kiambatisho C).*

*4. Naomba: (a) matokeo ya somo hilo yatolewe, (b) kama kuna sababu ya kuyazuia, nielezwe kwa maandishi pamoja na kifungu cha kanuni kilichotumika.*

*5. Naomba kujibiwa kwa maandishi ndani ya siku 14 za kazi. Nisiporidhika na majibu, naomba pia nielekezwe ngazi ya rufaa iliyopo ndani ya chuo.*

Basi. Ile ya 4(b) ndo msumari wenyewe, maana ukiwaomba kifungu lazima mtu afungue kanuni, na akifungua mara nyingi anakuta kifungu hakipo. Hizo siku 14 ni zangu za makadirio, kama kanuni za chuo zimetaja siku zao fuata zao, na kama ni chuo cha umma tafuta Mkataba wa Huduma kwa Mteja, mle wameandika wenyewe watajibu baada ya siku ngapi.

Itume kwa imeili rasmi ya chuo, sio ya mwalimu pekee, viambatisho vyote kwenye PDF moja. Na kama chuo kina ofisi unayoweza kufika, peleka nakala mbili masjala, moja ibaki kwao, nyingine wakupigie mhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe. Hiyo nakala yenye mhuri ni dhahabu. Mtu akikwambia "acha tu hapo nitampa mkuu" mwambie kwa heshima, shikamoo mama, naomba tu mhuri kwenye kopi yangu nisije nikagombezwa nyumbani, huwa wanacheka wanagonga.

Nakala nyingine mpe serikali ya wanafunzi kama ipo. Wanafunzi wa onlaini wanasahau kwamba na wao ni wanachama.

Rufaa ya ndani mpaka mwisho

Ukijibiwa vibaya au usipojibiwa, panda: mratibu wa kozi, mkuu wa idara, kamati ya malalamiko au ya taaluma, mkuu wa chuo, na kwa chuo kikuu mpaka seneti. Sio kila chuo kina zote. Unachotafuta huku ni jibu la mwisho, ile barua inayosema chuo kimemaliza. Wasipotaka kuitoa, andika imeili ya mistari mitatu: niliandika tarehe hii, nikakumbusha tarehe hii na hii, sijajibiwa, kwa hiyo nachukulia kwamba utaratibu wa ndani umefika mwisho. Hiyo imeili itasimama mahali pa barua yao, nimeona ikifanya kazi.

Ukiwa unasubiri endelea kusoma, endelea kulipa kinachodaiwa kihalali, fanya na mitihani. Mtu anayegoma kulipa ada kwa hasira anawapa chuo kitu cha kushika.

Kwa mdhibiti

Sasa ndo unabisha hodi TCU au NACTVET, ukiwa na ule ukurasa mmoja wa mtiririko, barua zako, majibu yao, na ombi lako. Fika ukijua wanachoweza. Wanaweza kukitaka chuo kijieleze, kukitaka kifuate kanuni zake, kukagua kama kozi imeidhinishwa, na kwenye makosa makubwa kusimamisha udahili au kufuta usajili. Kukulipa fidia ya bando na muda wako, hapana, hiyo ni mahakamani.

Kwa ofisi zote za serikali kuna pia e-Mrejesho, unaingia mtandaoni au kwa *152*00#, malalamiko yanapata namba na unafuatilia. Mtu wa Makete au Ludewa inamuokolea nauli. Ila naona kitu, watu wanaandika kule sentensi mbili za hasira bila kiambatisho alafu wanasema mfumo haufanyi kazi.

Muda nao uangalie. Ukitaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa chuo cha umma, mfano wa kukufukuza, kuna ukomo wa miezi 6 wa kuomba kibali tangu uamuzi utolewe, kwa hiyo usikae ukisubiri majibu ya ustaarabu mpaka muda umeisha. Hapo sio kazi ya steshenari tena, tafuta wakili au watoa msaada wa kisheria, sheria ya msaada wa kisheria ipo tangu 2017 na wasaidizi wa kisheria wapo mpaka wilayani, uliza ofisi ya ustawi wa jamii.

Chuo kikiwa cha nje

Hapa ndo pana ujanja mwingi, kwa sababu tangazo linakukuta Facebook umekaa zako Njombe na baridi, chuo kina jina la mji wa Marekani, na digrii inaisha kwa miezi 10.

Kabla ya kulalamika, na ikiwezekana kabla ya kulipa, jua kama ni chuo kweli. Marekani hawana tume moja kama TCU. Wana mashirika ya ithibati, yaani yanayothibitisha ubora wa vyuo, na juu yake kila jimbo lina ofisi yake ya kuruhusu vyuo. Wizara yao ya Elimu ina kanzidata ya vyuo vyenye ithibati na baraza liitwalo CHEA lina yake, zote ni bure. Yapo mashirika feki ya ithibati kwa ajili ya vyuo feki, kwa hiyo usiangalie tu kwamba chuo kina ithibati, angalia kama aliyeitoa naye anatambuliwa. Kwa England tazama rejista ya Office for Students, mdhibiti wa vyuo wa kule. Na kwa digrii ya nje ukija kuitumia hapa, TCU ndo inafanya utambuzi wake, waulize mapema kabla hujatuma hata shilingi.

Ukiwa na lalamiko la chuo cha Marekani, bado unaanza chuoni kwanza, ngazi ni zile zile. Kanuni zao za serikali kuu zinataka vyuo vilivyo kwenye mpango wa misaada ya wanafunzi viwape wanafunzi, hata wale wanaofikiria tu kujiunga, mawasiliano ya kulalamika kwa shirika la ithibati na kwa ofisi ya jimbo. Tafuta kwenye tovuti yao ukurasa wa malalamiko ya wanafunzi, upo, umefichwa chini kabisa na maandishi madogo. Chuo kisipokuwa nao kabisa hiyo pekee ni dalili.

Utakutana na neno SARA. Ni makubaliano ya majimbo yao kuhusu masomo ya mbali, majimbo yamejiunga karibu yote isipokuwa California, na mwanafunzi wa jimbo moja anayesoma chuo cha jimbo lingine analalamika kupitia ofisi ya jimbo la chuo, ndani ya miaka 2, na masuala ya maksi na nidhamu hayaguswi. Watu wanalisoma hili wanafurahi, ila wewe uliyekaa Tunduma sio mkazi wa jimbo mwanachama, makubaliano yale ni ya wao kwa wao. Kwa hiyo usijaze fomu ya SARA ukakaa kusubiri. Andika kwa ofisi ya jimbo ambako chuo kimesajiliwa ukiuliza kama wanapokea lalamiko la mwanafunzi aliye nje ya nchi, na sambamba na hilo andika kwa shirika la ithibati. Hili la ithibati halirudishi pesa wala kubadilisha maksi, linaangalia kama chuo kimekiuka viwango vyake, kwa hiyo barua iandike hivyo: kiwango fulani kinasema hivi, chuo kimefanya vile.

Uingereza kumenyooka zaidi. England na Wales kuna OIA, mwamuzi huru wa malalamiko ya wanafunzi, bure kabisa, na anapokea hata wa masomo ya mbali ilimradi chuo ni mwanachama. Ukimaliza ngazi za chuo unadai ile barua ya kukamilisha utaratibu wa ndani, ukishaipata una miezi 12 ya kwenda OIA. Nao hawaingilii uamuzi wa kitaaluma wa mwalimu. Chuo cha Scotland hakiko huko, mlango wake ni SPSO, mwamuzi wa malalamiko ya huduma za umma wa huko. India kanuni za UGC, tume yao ya vyuo vikuu, za 2023 zinataka chuo kiwe na kamati ya malalamiko yenye siku 15 za kazi kutoa ripoti, ukikataa unakata rufaa kwa mwamuzi aliyeteuliwa, naye ana siku 30.

Kiingereza kikikusumbua andika kifupi. Sentensi fupi zenye tarehe zinaeleweka kuliko kurasa nne za kutafsiriwa na mashine.

Yale ya jinai

Chuo hewa kimekula ada kikazima simu: polisi, chukua RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yako), alafu mtandao wa simu siku hiyo hiyo maana pesa inayohama ni ngumu kuirudisha, na zile meseji za kitapeli zitume kwenda 15040. Mwalimu anataka pesa au mwili ili akupe matokeo: TAKUKURU, 113, bure. Rushwa ya ngono ni kosa kwenye sheria yao ya 2007, sio "mambo ya chuo". Usimjibu kwa hasira ukamshtua, tunza meseji, nenda. Tangazo la uongo kuhusu huduma unaweza kulipeleka Tume ya Ushindani, FCC.

Na nyie wenye vyuo

Napata pia wateja wa upande wa pili, mtu kafungua chuo kidogo anataka nimprintie fomu. Nawaambia hivi: wengi wanaofika kwa mdhibiti hawakutaka kufika huko, walikosa tu wa kuwajibu. Weka imeili moja ya malalamiko inayosomwa na mtu mwenye jina na cheo. Kila lalamiko lipe namba na tarehe, liingie kwenye daftari au hata Excel, jibu "tumepokea" ndani ya siku mbili tatu. Andika utaratibu kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili uuweke mahali mwanafunzi anapoingilia mfumo. Aliyelalamikiwa asiwe ndo msikilizaji. Mkaguzi akija lile daftari ndo la kumwonyesha, chuo kinachosema hakijawahi kulalamikiwa kinatia shaka zaidi.

Jisajilini pia PDPC, mnashika vitambulisho, matokeo na namba za simu za watu, sheria inawahusu. Grupu la WhatsApp lenye matokeo ya darasa zima yaliyobandikwa kwa majina ni kesi inayosubiri mtu mmoja mwenye hasira. Na msitangaze kozi kabla haijaidhinishwa, hata kama "karatasi ziko mezani".

Wakishakubali

Usisherehekee kwa simu. Dai uamuzi kwa maandishi, alafu hakikisha umefanyika kwenye mfumo, sio kwenye barua tu.

Mdogo wangu mwenyewe alipata jibu la diploma yake baada ya miezi saba ya grupu la WhatsApp na wiki tatu za barua, somo likaingia, tukachinja na kuku. Ulipofika wakati wa kuomba digrii akaenda kutafuta AVN, ile namba ya uhakiki ya NACTVET ambayo wenye diploma wanaitumia kuombea vyuo, ikagoma. Tulikaa dukani na cheti cha kidato cha nne upande huu, transkripti upande huu, tukisoma herufi kwa herufi, kumbe siku ile wanaingiza somo lililokosekana wameandika upya na jina lake, ubini ukapungua herufi moja. Barua nyingine, mhuri mwingine, siku tisa. Siku hizi mteja akija na furaha kwamba matokeo yametoka, namwambia akae hapo kwenye benchi, anitolee na cheti cha kidato cha nne.